Wiki Saba Kati ya Picha Mbili

Kwa miaka kadhaa niliwaambia washarika wenzangu kwamba binti yangu anachimba mafuta nchi ya mbali. Ndivyo nilivyoelewa, na ndivyo walivyomwombea. Kila alipokuja likizo, mzee mmoja wa kanisa alisimama na kumwomba Mungu amfungulie visima. Binti aliinamisha kichwa, akaitikia amina, kisha tukiwa njiani kurudi nyumbani akanicheka.

"Baba, mafuta yalishapatikana kabla sijaajiriwa. Visima vipo, vinatoa kila siku. Mnaniombea kitu ambacho watu walishakipata."

"Sasa wewe unafanya nini huko?"

"Natafuta yanakoelekea."

Sikuuliza zaidi siku hiyo. Mimi ni mwinjilisti mstaafu, huku Old Moshi. Nimefundisha vijana wa kipaimara kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nimezoea kwamba jambo usilolielewa leo utalielewa ukilisubiri. Watu wamenisifu kwa subira tangu nikiwa kijana. Ninaandika habari hizi kwa sababu ya subira hiyo, na kwa sababu ya hasara iliyowaletea mke wangu na binti huyu, mtoto wetu wa mwisho.

Krismasi ya mwisho tuliyokuwa sote, nyumba ilijaa kama kila nyumba ya mlimani inavyojaa Desemba, watoto wanapopanda kutoka Dar, Arusha na kwingineko. Siku ya tatu, wengine walikwenda kuwasalimu wakwe zao Uru, tukabaki watatu. Binti yangu na mama yake walikuwa barazani wakimenya ndizi za mtori, supu yetu nzito. Nikamwambia sasa anieleze kazi yake polepole, kama mimi nilivyokuwa nikiwaeleza vijana wa kipaimara.

Aliweka kisu chini, akaokota jiwe uani, moja ya yale mawe yetu meusi yenye vitundu.

"Mafuta hayakai chini kama ziwa, baba. Yamo ndani ya mwamba wenyewe, kwenye vitundu kama hivi, ila vidogo sana. Ukitoboa kisima, mwanzoni yanapanda kwa nguvu yake. Baadaye nguvu inaisha. Basi tunashindilia maji kutoka upande mmoja, yayasukume mafuta yaende upande wa pili kilipo kisima."

"Na mtajuaje maji yamefika wapi, wakati yako chini ya mwamba?"

"Tuna malori. Kila lori lina bamba zito la chuma tumboni. Linaliteremsha mpaka linagusa udongo, halafu linaitetemesha ardhi. Mtetemo unashuka. Ukikutana na tabaka jingine la mwamba, sehemu yake inarudi juu. Na juu tumepanga vinasa mitetemo kwenye mistari mirefu, vinasikiliza. Mwamba wenye mafuta na mwamba wenye maji hairudishi mtetemo sawasawa. Kompyuta inakusanya yote, inatuchorea picha."

"Kwa hiyo mnagonga, halafu mnasikiliza," mama yake akasema.

"Ndiyo, mama."

Mke wangu akainuka na kisu chake mkononi. Akaenda kwenye tangi la maji pembeni mwa nyumba, akaligonga kwa vidole kuanzia juu, akishuka, mpaka mlio ulipobadilika.

"Maji yameishia hapa," akatangaza. "Kabla hujazaliwa nilikuwa nagonga pipa, na hakuna aliyenipandisha ndege."

Tulicheka mpaka binti akajifuta macho kwa kanga ya mama yake. Kisha akasema, "Sawa, mama, umenishinda. Lakini kugonga mara moja hakutoshi. Tunagonga leo, tunaondoka, visima vinaendelea kufanya kazi. Baada ya miaka tunarudi palepale, kila kinasa mahali pake pa zamani, tunagonga tena. Halafu tunachukua picha ya pili, tunaiondolea ile ya kwanza. Mwamba haujasogea, kwa hiyo mwamba wote unafutika. Kinachobaki ni kile tu kilichohama."

Nilimwambia yanafaa kwa mahubiri. Akaniambia nisithubutu, nitaanza tena kuwachanganya washarika.

Kabla ya kuondoka alitueleza kwamba mwaka ule unaoanza ndio ulikuwa mwaka wake. Upimaji wa kwanza ulifanywa na watu wengine kabla yake. Wa pili ungefanywa kuanzia Februari, na yeye ndiye angesimamia ulinganishaji. Ilibidi umalizike kabla mvua za huko hazijaanza, maana udongo ukilowa hata sauti inabadilika, na picha mbili zinakuwa hazilinganiki tena. "Ikiharibika," alisema, "mwaka huu haurudi."

Mama yake aliyashika maneno hayo kuliko mimi.

Mwezi ule wa Februari mke wangu alianza kushiba kwa vijiko vitatu. Nilidhani ni joto. Kisha sketi zake za kanisani zikakataa kufunga, ingawa mikono yake ilikuwa imekonda. Jumatatu moja tulishuka mjini kwenye hospitali ndogo. Kijana mmoja daktari alimpaka mafuta mazito tumboni, akapitisha kidude cha altrasaundi, akitazama kwenye kioo. Nilimuuliza kinafanyaje kazi. Alinijibu kwa heshima kwamba kinapeleka sauti ndani, sauti inagonga vilivyomo na kurudi, mashine inachora.

"Kumbe ni kazi ya binti yetu," nikamwambia mke wangu.

"Ndiyo, ila huyu hana lori," akasema akiwa amelala pale.

Daktari alitabasamu kidogo, kisha akaacha. Alituonyesha pale palipokuwa peusi, chini ya tumbo, akasema ni maji, si mengi bado. Akaonyesha na uvimbe karibu na kizazi. Aliandika barua ya kwenda hospitali kubwa, akaiambatisha na picha.

"Babu, nendeni wiki hii."

"Tuna mtoto yuko safarini kikazi," nikasema. "Anarudi baada ya wiki kadhaa. Yeye ndiye anayejua mambo haya. Tukimsubiri?"

"Ningekuwa mimi, ningekwenda kesho."

Nilimshukuru, nikaiweka bahasha kwenye mfuko wa koti.

Njiani tukipanda, mke wangu aliniambia maneno niliyokwisha kuyatarajia. "Asiambiwe. Akijua atakuja, na ile kazi yake itaharibika. Miaka mingapi ameingojea?"

"Na hospitali kubwa?"

"Akija atatupeleka. Siwezi kulazwa kule bila mtoto wa kike wa kunisaidia. Na wewe huwezi hata kunikorogea uji."

Ningeweza kubishana naye. Ningeweza kumwita mwanangu mkubwa aliyeko Dar. Lakini nilisema, "Basi tumwachie Mungu, tusubiri." Nilipolisema nilijisikia nina amani, na nilidhani amani ile imetoka juu.

Msomaji asiyetoka kwetu lazima aelewe jambo moja. Mlimani huku, mtoto aliye mbali hapewi habari za ugonjwa kwenye simu. Ama nyumbani ni wazima, ama anaambiwa neno moja, njoo. Akiambiwa njoo haelezwi sababu, anafunga begi akijua kwamba ni kifo au kinakaribia. Katikati ya hayo mawili hatuna la kusema. Wazazi wetu walifanya hivyo ili mtu asiugue kwa mawazo akiwa ugenini, na sisi tumefanya hivyo bila kujiuliza. Kwa hiyo ningemwambia binti yangu nini? Kusema njoo kungekuwa ni kumzika mama yake angali anapalilia maharage.

Alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada, kutoka kambini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kazi?"

"Tunasonga. Leo lori moja limezama kwenye mchanga. Mama hajambo?"

"Hajambo. Tunamshukuru Mungu."

Nami nilikuwa ninamshukuru kweli. Hapo ndipo ninapopata shida nikijichunguza, kwa sababu sikuwa nikilitamka jina la Mungu kumdanganya mtoto. Nilimshukuru kwa kila asubuhi mke wangu alipoamka. Lakini binti hakuuliza kama ninashukuru. Aliuliza habari za mama yake.

Wakati mwingine alizungumza na mama yake mwenyewe. Mke wangu alikaa wima kitandani kabla ya kupokea, akavuta pumzi, akazungumza kwa sauti ya sokoni, habari za ng'ombe na za bei ya ndizi soko la Kiboriloni, ambako alikuwa hajafika kwa mwezi mzima. Akikata simu alilala ubavu, nami nilimfunika.

Washarika walikuja kusali. Tumbo liliendelea kukua. Kufikia wiki ya sita alikuwa anapumua kwa shida akiwa ameegemea mito. Nilimwambia twende hospitali sasa. Akasema, "Zimebaki siku chache. Umeweza kusubiri mambo makubwa kuliko haya." Niliona amenisifu.

Jumapili ya saba binti alipiga simu mapema, hata kabla sijavua koti la kanisani. Alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuisikia kwake tangu matokeo yake ya kidato cha sita.

"Baba, tumemaliza, na hata kabla hatujasafisha picha vizuri, inaonekana. Maji yametudanganya!"

"Yamefanyaje?"

"Tulidhani yanasambaa taratibu, yanayasukuma mafuta mbele yake. Kumbe yamepata ufa mwembamba kwenye mwamba, yamejipitia humo. Sehemu kubwa ya mafuta imebaki nyuma, haijaguswa. Na miaka yote hiyo, kwa juu, kila kitu kilionekana kinakwenda sawa."

"Na mmejuaje?"

"Kwa picha mbili, baba. Hii ya pili peke yake isingetuambia kitu. Mama yuko wapi nimweleze?"

Nilimtazama mama yake. Alikuwa amefumba macho, mdomo wazi. Nikasema, "Mwanangu, njoo nyumbani."

Nilisikia upepo wa huko alikokuwa.

"Baba. Ni mama?"

"Njoo tu, mwanangu."

Alifika Jumanne mchana. Aliingia chumbani na begi bado begani, akasimama mlangoni. Mama yake ndiye aliyeanza.

"Umekonda. Huko kwenye mafuta hawapiki?"

"Shikamoo, mama," akasema, akishusha begi.

Jioni hiyohiyo tulikuwa hospitali kubwa, na asubuhi iliyofuata mke wangu alipimwa. Daktari, mama mmoja mtu mzima, alitazama kioo, akarudia kupitisha kidude upande mmoja. Kisha akauliza, "Kuna picha za mwanzo? Zingenisaidia kujua inakwenda kwa kasi gani."

"Hakuna, daktari," binti yangu akajibu haraka. "Hii ni mara ya kwanza kupimwa."

Bahasha ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu. Ningeweza kunyamaza, na namshukuru Mungu kwamba hilo sikulifanya.

"Ipo," nikasema, nikaitoa.

Daktari aliitazama, kisha akampa binti picha zote mbili, maana alikuwa amekwishanyoosha mkono. Alikwenda nazo dirishani. Aliziinua pamoja kwenye mwanga, moja kando ya nyingine, na nikajua kwamba ninamwona mwanangu akiwa kazini kwake, jambo ambalo nilitamani miaka mingi kuliona. Kidole chake kilitembea kwenye ile ya kwanza, kikahamia ya pili, kikarudi. Alisema peke yake, kwa sauti ndogo, "Hapa palikuwa na kidogo. Na hapa hapakuwa na kitu. Na hapa hapakuwa na kitu." Mwisho akasoma tarehe iliyo pembeni.

"Baba, hii ni ya Februari."

"Ndiyo."

"Ni wiki saba."

"Ndiyo, mwanangu."

"Nimepiga simu Jumapili saba."

Daktari alitueleza kwa upole mkubwa. Mwezi Februari labda wangempasua na kuutoa uvimbe. Hakuweza kuapa, lakini wangejaribu. Sasa ulikuwa umesambaa mpaka kwenye ini. Kilichobaki ni kumtoa maji ili apumue, na dawa za maumivu.

Nje, kwenye benchi la korido, binti alikaa akiwa ameacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu.

"Mlikuwa mnasali?" akaniuliza.

"Tulikuwa tunasali kila siku."

"Mungu angechukia mngesali huku mkiwa kwenye gari mnakuja hapa?"

Nikamwambia, "Mama yako alijua ungeacha kazi."

"Ningeiacha siku ileile. Malori, mistari, vyote."

"Ndiyo maana hakutaka ujue."

"Mama alikuwa mgonjwa, baba. Wewe ulikuwa mzima."

Walimtoa maji mengi siku hiyo. Alipopata nafuu ya kupumua alimwita binti karibu, akamuuliza, "Ninyi huko mkishavuta mafuta yote, ardhi haibonyei?"

"Pengine inabonyea kidogo, mama."

"Basi nitazame na mimi, nimebonyea." Akalipapasa tumbo lake, akacheka kwa shida, na binti akacheka naye, machozi yakimtiririka hadi shingoni. Kisha mama yake akamshika mkono. "Usimkasirikie baba yako. Mimi ndiye niliyemkataza."

Binti alimbusu kiganja.

Tulimrudisha nyumbani, akaishi siku kumi na nane. Binti alimwogesha, akamlisha, akalala naye chumba kimoja. Yale ambayo mama yake alikuwa akiyangoja kutoka kwa mtoto wa kike, aliyapata yote, lakini yalipokuwa hayawezi tena kumponya. Alikufa asubuhi ya Alhamisi, mvua ya masika ikinyesha, na tulimzika migombani, karibu na wazazi wangu. Mchungaji alihubiri vizuri. Alisema marehemu alikuwa na mume aliyejua kumngojea Bwana kwa saburi. Binti yangu aliinua kichwa akanitazama, na mimi ndiye niliyeangalia chini.

Wageni walipoondoka, alibaki. Alinipikia, alinifulia, alinisalimia kila asubuhi. Hapakuwa na neno la utovu wa adabu. Lakini hakukaa barazani nikiwa nimekaa, na aliponijibu alijibu kilekile nilichouliza. Siku ya saba alikuja mwenyewe, akavuta kigoda.

"Niambie zile wiki saba," akasema. "Moja moja. Alikula nini, alilala vipi, alisema nini. Usiruke kitu."

Nilimsimulia. Ilituchukua tangu chai ya saa nne mpaka ng'ombe walipoanza kulia wakidai majani. Nilimwambia juu ya vijiko vitatu vya mtori, na sketi, na barua ya daktari kijana, na alivyosema kwamba angekuwa yeye, angekwenda kesho. Nilimwambia mama yake alivyokaa wima kabla ya kupokea simu. Hapo aliniomba ningoje kidogo. Aliingia ndani, akarudi akiwa amenawa uso, akasema, "Endelea."

Kesho yake nilitoka kwenda kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, mahali tulipopanda masale, ule mmea wetu wenye majani marefu. Kwetu, mtu aliyekosa akikuletea jani la sale, unamsamehe. Huwezi kukataa, hata kama amekuulia mtoto. Nimeona majani hayo yakimaliza kesi ambazo mahakama na kanisa vilishindwa kuzitatua. Sijawahi kuona baba akimpelekea mwanawe, lakini hilo halikunizuia. Nilikata moja, nikalishika, nikatembea nalo mpaka nyuma ya jiko, nikamsikia binti akipanga sufuria ndani.

Niliposimama pale nikaona ninachotaka kufanya. Nilitaka kumwondolea tena haki ya kuamua. Angelipokea, angesema nimekusamehe baba, kwa kuwa desturi inamfunga, na mimi ningelala usingizi mzuri. Nililitupa jani kwenye majani ya ng'ombe, nikaingia jikoni mikono mitupu.

"Mwanangu," nikasema, "nilikunyima mama yako. Niliita subira kitu ambacho kilikuwa woga. Naomba unisamehe. Ukiweza. Na usipoweza, sitakulaumu."

Alikuwa na mfuniko wa sufuria mkononi. Aliugeuza akautazama pande zote mbili kana kwamba anatafuta doa.

"Bado, baba," akasema.

"Sawa."

"Sijasema sitaweza. Nasema bado."

"Nimekusikia."

Nilikwenda kukaa nje. Nilimshukuru Mungu kwa lile neno, na nilihakikisha kwamba ninachoshukuru ni kweli: kwamba hakunidanganya ili nijisikie vizuri. Alikuwa amenipa heshima ambayo mimi sikumpa.

Aliondoka siku mbili baadaye. Kule kazini walikuwa wanamngoja. Kwa picha zake ilibidi waamue wapi watoboe upya, ili wayafikie yale mafuta yaliyoachwa nyuma. Asubuhi alikwenda peke yake migombani kwa mama yake, nami sikumfuata. Aliporudi, viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu, na hakuupangusa. Begi lake lilikuwa zito, na njia ya kushukia barabarani ilikuwa inateleza. Nilinyoosha mkono. Alisita, akanitazama, kisha akaniachia nilibebe, naye akashuka mbele yangu polepole, akinionyesha mahali pa kukanyaga.